Kipupwe Nilichopanda Liemba

Ukiangalia sana sinema za Wazungu utadhani kila binadamu ana majira yake ya joto: miezi miwili ya kaptula, ufukwe na mapenzi ya harakaharaka. Sisi wa Dar joto tunalo mwaka mzima, na ile Julai ambayo wao wanaota jua, sisi ndiyo tuko kwenye kipupwe, tunaazimana masweta asubuhi. Halafu ukiwa unasomea udaktari ndiyo kabisa. Likizo yako ni kulala. Ukiamka unakula, ukishiba unalala tena, ili ulipe deni la usingizi wa wodini.

Kwa hiyo nikiulizwa likizo ambayo siwezi kuisahau, jibu langu ni moja tu. Ni ile ya mwaka 2003, nilipoondoka Dar na begi la siku nne, nikarudi baada ya wiki mbili na nusu.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa nne pale Muhimbili. Enzi hizo kilikuwa bado chuo kikuu kishiriki. Kikawa chuo kikuu kamili, hiki tunachokiita MUHAS, mwaka 2007. Bumu lilikuwa limeisha zamani. Simu yangu ya Nokia ilikuwa na uwezo wa kubipu tu. Na nyumbani Temeke kulikuwa na barua ya posa imekaa kwenye droo ya kabati la vyombo, inasubiri jibu langu.

Naomba nieleweke hapa, maana hadithi za posa huwa zinaanza na baba mkali na mzee mwenye kitambi. Yangu haikuwa hivyo. Kijana alikuwa wa miaka ishirini na tisa, anafanya kazi benki, mpole, anajua kuvaa. Tulikuwa tumetoka naye mara tatu au nne, tukala aiskrimu, tukaongea. Familia zetu zinafahamiana tangu mimi sijazaliwa. Mshenga alikuja kwa adabu zote. Baba alinipa mpaka katikati ya Agosti nijibu, akaniambia, "Mwanangu, sikulazimishi. Ila watu wazima hawawekwi sebuleni mwaka mzima." Tatizo langu lilikuwa kwamba kila nikitaka kusema ndiyo, neno lilikuwa linakwama. Na nikitaka kusema hapana, nilikuwa sina sababu hata moja ya kumpa mtu. Utasema nini? Kwamba anatafuna taratibu mno?

Basi nikiwa kwenye hali hiyo, matokeo yakatoka. Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja hosteli, mtoto wa Kigoma, akawa amepata sapu ya somo moja. Sapu maana yake unabaki chuo unajisomea wakati wenzako wanaenda kula nyumbani. Yeye alikuwa ameshakata tiketi ya treni daraja la pili, na ameshamwahidi mama yake mzigo: dawa za presha za miezi mitatu na kichwa cha cherehani. Alilia kidogo, akajifuta, akaniangalia.

"Nenda wewe," akasema.

"Wapi?"

"Kigoma. Treni inaondoka kesho jioni. Tiketi ipo, mzigo upo, Mama atakupokea. Utanifia hapa na hiyo posa yako."

Nilimjibu kwamba amechanganyikiwa. Hiyo ilikuwa Jumamosi mchana. Jumapili saa kumi na moja jioni nilikuwa kwenye behewa, nimekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga.

Kama hujawahi kupanda treni ya Reli ya Kati ya wakati ule, umekosa kitu. Sasa hivi kuna treni ya umeme: ilianza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, Dodoma mwezi uliofuata, na watu wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo wakiwa na laptop mapajani. Ile yetu ilikuwa na kilomita zipatazo 1,250 mpaka Kigoma, na ilizitembea kama mtu anayesalimia kila jirani. Vyumba vya daraja la pili vilikuwa na vitanda sita, wanawake kwao na wanaume kwao. Kwetu tulikuwa na bibi mmoja wa Ujiji, mama mfanyabiashara ambaye tulimwita Mama Mawese, dada wawili wa Tabora wasionyamaza, na mama aliyenyonyesha. Kufika Morogoro tulikuwa tunajua mambo ya ndani ya kila mmoja. Kufika Dodoma, Jumatatu asubuhi, posa yangu ilikuwa imeshajadiliwa na kupigiwa kura. Watatu walisema niolewe. Mama Mawese alisema nimalize shule kwanza. Bibi yeye aliuliza swali moja: "Mjukuu wangu, huyo mwanamume umeshamwona akiwa na njaa?"

Tulicheka mpaka tukagonga ukuta. Lakini bibi hakucheka.

Adhuhuri tukafika Saranda. Msafiri yeyote wa reli ile anajua kwamba Saranda ni kuku. Treni ikisimama, akina mama wanakimbia na masinia kichwani, na watu wanapigania kuku wa kienyeji madirishani kama wanagombea ubunge. Nilikuwa nimeshuka, nabishania paja, nikasikia nyuma yangu, "Daktari, huyo mpunguzie bei bwana, ni mtu wetu."

Kugeuka, namwona mwenzangu wa darasani. Yaani tulikuwa tumesoma pamoja miaka minne na sidhani kama tulikuwa tumeongea maneno mia. Alikuwa mtu wa kukaa viti vya nyuma, shati lilelile la buluu, hajibu swali mpaka aulizwe kwa jina. Alikuwa daraja la tatu, amekaa tangu Dar bila kulala, anaenda kwao Kirando, kijiji cha wavuvi upande wa Rukwa. Kufika kwao kwa njia ya ziwani unashuka Kigoma, unapanda meli.

"Meli gani?" nikamuuliza.

Aliniangalia kama nimemuuliza Muhimbili iko wapi. "Liemba," akasema. "Hujawahi kusikia Liemba?"

Kuanzia Saranda mpaka Tabora alisimama kwenye korido ya behewa letu akinieleza. Sikujua kama mtu huyo ana maneno mengi hivyo. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar, kisha kwa reli hii hii tuliyokuwa tumepanda. Kigoma ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza wakaipaka grisi mitambo yote, wakitumaini watarudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Babu yake aliipanda, baba yake aliipanda, na yeye mwenyewe alikwenda sekondari nayo.

"Ukifika Kigoma ukarudi bila kuipanda," akasema, "utakuwa umekwenda kupeleka cherehani tu."

Tulifika Jumanne usiku, tumechelewa vya kutosha. Mama wa mwenzangu alikuwa ananisubiri stesheni tangu mchana na taa ya mkononi. Alinikumbatia kabla sijamaliza kusema shikamoo. Usiku ule nilikula migebuka ya mawese na ugali wa muhogo mpaka nikaona aibu, na asubuhi nikaletewa dagaa na chai. Nikamwambia kuhusu meli kwa kutania tu, nikitegemea aniambie mtoto wa kike hazunguki ovyo. Badala yake akauliza huyo kijana ni wa nani. Nikamwambia. Akatuma mtu akamwite, akamketisha uani, akamhoji ukoo wake wote mpaka akapata shangazi wanayemfahamu wote wawili. Kisha akanipa khanga doti moja na chupa ya chai. "Haya, nendeni," akasema. "Utalala na akina mama. Na wewe kijana, huyu ni binti yangu."

Nilimbipu Mama kutoka Kigoma mjini, akapiga. Nikamwambia nazunguka ziwani siku chache. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba yako nitamwambia mimi. Usikae karibu na ukingo." Saa kumi jioni, Jumatano ya mwisho ya Julai, king'ora kikalia na Kigoma ikaanza kurudi nyuma.

Ziwa Tanganyika siwezi kulieleza nikakutosheleza. Kina chake kinapita mita 1,400. Duniani limezidiwa na Baikal peke yake. Maji ni ya buluu iliyokolea, na ng'ambo unaona milima ya Kongo kama mtu amelala ubavu. Usiku ule mwezi ulikuwa giza, na mwezi ukiwa giza ndipo wavuvi wa dagaa wanatoka na karabai zao. Ilipotimu saa mbili ziwa zima lilikuwa limewaka taa. Nilidhani ni mji. Mshikaji wangu akacheka, akaniambia ndiyo, ni mji, ila asubuhi unahama.

Vijiji vingi vya mwambao ule havikuwa na gati. Meli inasimama majini, inapiga king'ora, na kutoka gizani mnasikia kelele kwanza, halafu mitumbwi na mashua zinaizunguka, zimejaa watu, magunia, mbuzi, mananasi, kila mmoja anataka kufika kwenye mlango wa ubavuni kabla ya mwenzake. Watu wanavutwa mikono kupanda. Watoto wachanga wanapitishwa kwa mabaharia kama mafungu ya kuni. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya tatu nilikuwa naning'inia kwenye reli nikishangilia.

Kwenye saa tisa usiku tulisimama Lagosa, karibu na milima ya Mahale. Mimi nilikuwa nimelala deki ya chini kati ya akina mama, nimejifunika ile khanga. Niliamshwa na sauti ya mwanamke, na kama umewahi kukaa wodi ya wazazi hata wiki moja, ile sauti huikosei hata usingizini.

Walikuwa wamempandisha kutoka kwenye mtumbwi. Msichana wa kama miaka ishirini, mimba ya pili, uchungu umeanza tangu asubuhi, na mama mkwe wake ameona heri wapande meli wafike penye zahanati. Barabara hakuna. Meli inapita mara moja kwa wiki. Hapakuwa na lingine la kuchagua. Ila mtoto naye hakuwa na mpango wa kusubiri zahanati.

"Kuna nesi humu?" mtu akapaza sauti. "Kuna daktari?"

Nikasikia ile sauti ya viti vya nyuma ikijibu kutoka upande wa wanaume: "Yupo. Huyo hapo mwenye khanga ya njano."

Jamani. Mimi nilikuwa nimezalisha akina mama wachache tu mwaka wa tatu, kila mara mkunga mzoefu akiwa amesimama nyuma ya bega langu, taa kali juu, dripu pembeni. Hapa taa ilikuwa balbu moja na tochi ya baharia. Akina mama wa deki walifunga duara la khanga haraka kuliko ambavyo sisi tungevuta mapazia. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji, spiriti, vidonge vya maumivu na pakiti moja ya glavu. Fundi cherehani mmoja akatoa uzi, mchuuzi akatoa wembe ambao haujafunguliwa, mpishi wa meli akaleta maji ya moto. Mwenzangu akaja, akapiga goti nje ya duara, mgongo umetugeukia kwa heshima ya mama, akaniuliza, "Unahitaji nini?"

Mtoto alikuja saa kumi na robo, wa kike, na alilia mwenyewe bila kubembelezwa. Deki nzima ikapiga vigelegele. Kondo la nyuma likatoka, nikalikagua kwenye tochi, limetimia. Nikapumua.

Kisha nikaona damu haikati.

Hii sehemu nataka wewe dada unayesoma uielewe, na wewe kaka pia kwa sababu siku moja utakuwa nje ya mlango wa lebawadi ukizungushazungusha funguo za gari. Mama akishajifungua, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze kama ngumi, ndipo mishipa iliyokuwa inalisha kondo ifunge. Usipojikaza, unabaki umelegea kama mfuko wa rambo na damu inamwagika tu. Nusu lita inatosha kutupa wasiwasi. Lita moja na nusu kwa mama aliyekuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo, unaongea habari ya msiba. Hospitalini ungemchoma sindano ya oksitosini, lakini sindano hiyo inataka baridi, na pale hatukuwa na sindano wala friji.

Tulifanya yale ambayo hayahitaji duka la dawa. Nilimsugua tumbo mfuko ukaze. Tukamwekea mtoto kwenye ziwa, maana kunyonya kunauamsha mwili utoe oksitosini yake. Tukamsaidia akojoe, kwa sababu kibofu kikijaa kinauzuia mfuko kujikaza. Nilitafuta kama amechanika, hakuchanika. Khanga ya kwanza ililowa, ya pili ikalowa. Mwenzangu akageuka sasa, adabu tukaiweka pembeni. Alishika kifundo cha mkono wa yule mama, akaanza kuhesabu mapigo kwa saa yake. "Mia moja ishirini," akasema taratibu. Baadaye, "Mia thelathini na nne."

Ikabaki njia ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeiona kwenye kitabu na kwenye mdoli wa plastiki. Mkono mmoja unaingia ukiwa umekunja ngumi, mwingine unabonyeza kutoka juu ya tumbo, mfuko unaubana katikati kwa nguvu zako zote, na huachii. Inamuumiza mama, na wewe unakufa ganzi mpaka begani. Nilibana. Yule msichana alilia, mama mkwe wake akamshika kichwa akimwimbia kitu kwa lugha ambayo siijui. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na jasho pamoja, na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Yeye anasema thelathini na tano, kwa sababu ndiye aliyekuwa na saa. Nilipoanza kutetemeka alivaa glavu zilizobaki, akaniambia, "Sogea kidogo, nashika mimi. Ukihesabu tatu tunabadilishana." Hakuniambia pole. Hakuniambia nijikaze. Nikahesabu tatu, tukabadilishana, na mimi nikashika mapigo. Mia thelathini. Mia ishirini na mbili. Damu ikawa matone. Mfuko chini ya mkono wake ukawa mgumu, wa mviringo, kama chungwa. Nilipougusa nilitaka kupiga kelele.

Nahodha hakusubiri mizigo bandari iliyofuata. Alituma ujumbe mbele kwa redio. Saa tatu asubuhi, mkunga wa zahanati alikuja na mashua hadi ubavuni mwa meli, ameshika mtungi wa barafu wenye sindano, kashikilia kilemba chake na mkono mwingine. Alimkagua mama, akatuangalia sisi wawili tulivyotapakaa, akauliza, "Ninyi ni wa hospitali gani?" Mwenzangu akajibu, "Tuko likizo, mama."

Nilikuja kuwa daktari wa magonjwa ya akina mama, kwa hiyo takwimu hizi nazijua kwa moyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikadiria kuwa akina mama 578 wa Tanzania walikuwa wanakufa kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni mmoja wa wauaji wakubwa ndani ya namba hizo. Na mwaka 2023 ulitoka utafiti uliofanyika nchi nne za Afrika, Tanzania ikiwemo, ukaonyesha kwamba mama akiwekewa mfuko maalumu wa kupimia damu, halafu matibabu yote akapewa kwa mpigo badala ya moja moja, madhara makubwa ya damu yanapungua kwa asilimia 60. Vitu vya kawaida kabisa. Huwa nawafundisha wanafunzi wangu hivyo, na kila nikifika kwenye ule mdoli wa plastiki mkono wangu wa kulia unauma.

Lakini msomaji najua unataka kujua ya posa.

Asubuhi ile nilijimwagia maji, nikakaa deki ya juu, natetemeka wakati jua linawaka. Akaja na chapati mbili na chai kwenye kikombe cha bati. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Nilijua kwa sababu tulikuwa pamoja. Akanipa chapati zote mbili, akakaa mbali kidogo, akaangalia maji. Nikamkumbuka bibi wa Ujiji.

Nikamweleza habari ya posa, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa unataka nikwambie nini?"

Kusema ukweli niliudhika. Mwanamume mwingine angeona mlango uko wazi. Huyu alisema, "Hilo ni lako. Kama unataka mtu wa kukusikiliza, niko hapa mpaka Kirando," akamega kipande cha chapati nilichokibakiza, akala.

Kirando nilikaa siku tisa. Nililala na dada zake watatu kitanda kimoja, nikaanika dagaa mchangani, nikachotwa utani na kijiji kizima kwa jinsi ninavyoogopa maji. Mama yake alikuwa ananiita "mgeni wa Dar" mpaka siku ya nne, akaanza kuniita "huyu mtoto". Kijana mwenyewe alikuwa anaenda ziwani usiku na baba yake, anarudi alfajiri ananuka samaki, analala. Hakuna kilichotokea kati yetu, kama ndicho unachouliza. Hata mkono hatukushikana, ukitoa ule usiku.

Nilirudi kwa lori mpaka Sumbawanga, basi mpaka Mbeya, basi tena mpaka Dar. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Baba. Nilimkuta ukumbini, nikamwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia jibu langu ni hapana, na kwamba yule kijana hana kasoro. Aliniuliza sababu. Nikamwambia, "Baba, nilipokuwa mbali sikumkumbuka hata siku moja." Alinyanyuka akatoka nje. Kwa wiki tatu alikuwa anaitikia shikamoo yangu na basi. Mshenga alipewa jibu na baba mdogo. Mama aliwaandalia chakula wale wageni kama vile wameshinda.

Wiki ya nne, jioni, umeme umekatika, tumekaa barazani, Baba akauliza kwenye giza: "Hivi ni kweli ulizalisha mtoto kwenye meli?"

Nikamwambia ni kweli. Akataka nisimulie. Nilisimulia kuanzia cherehani. Nilipofika kwenye kubadilishana mikono alinikatisha. "Huyo kijana ni wa wapi?" Nikamwambia Kirando. Hakuongeza neno, ila umeme uliporudi nilimwona anatafuta Kirando kwenye ramani ya kalenda.

Mambo mengine yalikwenda polepole. Mwaka wa tano alihamia viti vya mbele, karibu na mimi. Darasa lilitunga nyimbo. Tulifanya intanishipu mikoa tofauti na tukagombana kwa simu hadi vocha zikatumaliza. Barua ya posa ya pili ilifika Temeke mwaka 2006, imebebwa na mjomba aliyesafiri kwa Liemba, treni na daladala, na ilinuka dagaa kidogo. Kwa miaka tuliyoishi pamoja nimeshamwona mume wangu akiwa na njaa, na hasira, na malaria, na bila mshahara miezi miwili. Bado hajibu swali mpaka aulizwe kwa jina. Ukimlazimisha aseme nakupenda anauliza kama kuna mtu amefariki.

Harusi ilikuwa Septemba 2007, ukumbi wa Temeke, watu mia tatu kwa bajeti ya watu mia mbili. Kamati ilikuwa inahaha kwa michango mpaka siku ya mwisho. Jina ambalo lilikuwa limeandikwa juu kabisa kwenye daftari la mweka hazina, kadi ya dabo, imelipwa taslimu wiki sita kabla, lilikuwa la yule kijana wa benki. Alikuja na mchumba wake, dada mmoja mcheshi sana wa Tanga, wakacheza mpaka DJ anafunga vyombo.